Jibu kwa msomaji wa Lewiston: wilaya inayomtazama mtu kabla ya chama

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimezaliwa kambi ya Kakuma, wazazi wangu ni Wazigua wa bonde la Juba, Somalia, na sasa naishi Lewiston, Maine. Nimepata uraia, na Novemba 2026 nitapiga kura kwa mara ya kwanza. Binamu yangu wa Portland ananiambia kwamba kwenye uchaguzi wa rais kura yangu huhesabiwa mbali na yake, ingawa tuko jimbo moja. Anasema pia watu wa huku kwetu humpa kura Trump na papo hapo wanampeleka Mdemokrati bungeni. Mzee mmoja kazini anasema hapa pamekuwa hivi tangu zamani. Ni kweli? Na sisi tuliokuja juzi tunaingia wapi katika historia hiyo?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera ya uraia. Binamu yako amesema kweli. Mzee wa kazini amepatia nusu. Watu wa wilaya yako wana desturi ya muda mrefu ya kumtazama mtu kabla ya kutazama chama, lakini huko kumchagua Trump huku wakimpeleka Mdemokrati Washington kumeanza majuzi tu. Mambo haya mawili nitakueleza pamoja, kwa sababu yamefungamana.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Mtanzania angesema unaishi katika jimbo la uchaguzi, Mkenya angesema eneo bunge. Kwa kuwa Maine yenyewe tunaiita jimbo, nitasema wilaya. Maine ina wilaya mbili tu. Ya Kwanza ni ya binamu yako: Portland na pwani ya kusini, eneo dogo lenye watu waliosongamana. Ya Pili ni yako, nayo imechukua karibu asilimia 80 ya ardhi yote ya jimbo, zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Rwanda na Burundi zinaingia humo zote mbili na nafasi ikabaki. Hakuna wilaya ya bunge kubwa kuliko hiyo mashariki ya mto Mississippi, na bado kwa sensa ya 2020 ina watu wapatao 681,000 tu. Ukitoka hapo Lewiston kwenda Fort Kent, kwenye mpaka wa Canada, ni karibu saa tano kwa gari, na njia nzima utaona misitu, maziwa, mashamba ya viazi ya Aroostook na miji midogo iliyojengwa kuzunguka kiwanda kimoja.

Sasa kura ya rais. Rais wa Marekani huchaguliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo, na majimbo karibu yote humpa mshindi kura zake zote. Maine ina kura 4, na kwa sheria ya 1969, iliyoanza kutumika 1972, inazigawa: 2 kwa mshindi wa jimbo zima, na 1 kwa mshindi wa kila wilaya. Nebraska ilifuata baadaye, na hadi leo ni hayo majimbo mawili tu. Miaka zaidi ya arobaini sheria hiyo haikuleta tofauti yoyote, wilaya zote mbili zilikwenda pamoja. Mwaka 2016 zikaachana: Ya Kwanza kwa Hillary Clinton, Ya Pili kwa Trump. Mara ya mwisho kura za Maine kugawanyika ilikuwa 1828. Zikagawanyika tena 2020 na 2024, vilevile. Kwa hiyo kura yako ya rais ina uzito wake peke yake, na ndiyo sababu wagombea wanatuma watu hadi Bangor kutafuta kura moja ya mjumbe.

Tuingie kwenye historia. Maine iliingia kwenye muungano mwaka 1820 kama jimbo lisilo na utumwa, ili kusawazisha mizani na Missouri iliyoingia na utumwa wake. Chama cha Republican kilipozaliwa kwa kupinga kuenea kwa utumwa, Maine ilikikumbatia. Hannibal Hamlin, makamu wa kwanza wa Lincoln, alikuwa mwenyeji wa huko. Kuanzia 1856 hadi 1960 jimbo hilo lilimkosesha mgombea urais wa Republican mara moja tu, mwaka 1912. Hata 1936, Roosevelt alipozoa nchi nzima, Maine na Vermont peke yake zilimkataa.

Kwa hiyo wakati ule kiti cha wilaya kilikuwa mali ya Warepublikan, na mara nyingi mali ya Lewiston. Nelson Dingley, aliyekuwa na gazeti hapo mjini kwenu, alikikalia kuanzia 1881 hadi alipofariki 1899, na sheria ya ushuru wa forodha ya 1897, iliyopandisha kodi ya bidhaa za nje hadi juu kabisa, inaitwa kwa jina lake. Ilikuwa sheria ya kulinda viwanda kama vile vya nguo vilivyopangana kando ya mfereji wa Androscoggin. Ukipita jioni kwenye majengo yale ya matofali mekundu, kumbuka kwamba siasa za nchi nzima ziliwahi kupangwa kwa ajili yake.

Lakini ndani ya viwanda vile walikuwa watu wengine. Reli iliwaleta kutoka Quebec kwa maelfu: Wafaransa wa Canada, Wakatoliki, wenye familia kubwa, wakabanana katika mtaa ulioitwa Little Canada. Wenyeji waliwaona wageni wasiotaka kubadilika. Mwaka 1919 jimbo lilipitisha sheria ya kulazimisha Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika shule za umma, na watoto wakaadhibiwa kwa kuongea Kifaransa. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, ilipata nguvu kubwa Maine, na shabaha yake hapo ilikuwa hasa Wakatoliki hao. Kwa kuwa mabwana wa mji walikuwa Warepublikan, wafanyakazi hao wakawa Wademokrati. Hilo usilisahau, nitalirudia nikifika kwenu.

Mtu wa kwanza kuvuna nguvu yao vizuri alikuwa Daniel McGillicuddy, Mdemokrati wa Lewiston, mbunge tangu 1911. Yeye ndiye aliyesimamia sheria ya kuwalipa fidia wafanyakazi wa serikali kuu wanaoumia kazini. Rais Wilson aliitia saini tarehe 7 Septemba 1916. Zama hizo Maine ilipiga kura zake Septemba, kabla ya majimbo mengine. Siku nne baada ya saini hiyo McGillicuddy akashindwa na Wallace White. Nakitaja kisa hiki kwa makusudi: baada yake ilipita miaka 102 bila mbunge yeyote wa wilaya hiyo kung'olewa kitini na mpinzani. Waliondoka kwa kustaafu, kwa kufariki, au kwa kwenda kuwania useneta na ugavana. Wilaya ikishakuzoea, haikuachi. Nimesoma siasa za vijijini za Marekani kwa miaka mingi, na uaminifu wa namna hiyo haupatikani kila mahali.

Na waliozoewa ni watu wa aina gani? Mtazame Margaret Chase Smith. Binti wa kinyozi wa Skowhegan, aliyewahi kuwa mwalimu, mpokea simu na mfanyakazi wa kiwanda cha sufu. Mumewe Clyde alikuwa mbunge, akafariki Aprili 1940, naye akashinda uchaguzi wa kujaza nafasi. Wengi walidhani ni heshima ya mjane tu, itapita. Akakaa bungeni hadi 1949, kisha Seneti miaka 24. Tarehe 1 Juni 1950, seneta McCarthy alipokuwa akiwatisha watu kwa tuhuma za ukomunisti na wanaume wakubwa wa chama wamefyata, mama huyo alisimama Seneti akasoma tamko la dhamiri, akakionya chama chake mwenyewe kisipande farasi wa hofu, ujinga, chuki na kashfa. McCarthy alikuwa amekaa nyuma yake. Maine ikaendelea kumchagua. Mwaka 1964 akawa mwanamke wa kwanza kupendekezwa kwa urais katika mkutano mkuu wa chama kikubwa.

Mabadiliko ya chama yalianza 1954, na yalitoka kwenye mji wa kiwanda cha karatasi. Edmund Muskie alizaliwa Rumford, mtoto wa fundi cherehani aliyehamia kutoka Poland. Yeye na Frank Coffin, mwanasheria wa Lewiston, walikifufua chama cha Democrat kilichokuwa karibu kufa. Muskie akawa gavana, Coffin akashinda kiti cha wilaya 1956. Kura za Wafaransa wa viwandani, ambazo kwa miaka mingi zilizidiwa na za wenyeji wa mashambani, sasa zikapata mizani. William Hathaway, Mdemokrati, alichukua kiti 1964, na 1972 akamshinda Mama Smith mwenyewe kwenye useneta.

Mwaka huohuo kiti cha wilaya kilibaki wazi, na hapo ndipo alipotokea kijana ambaye mimi humtolea mfano darasani kila mwaka. William Cohen, mtoto wa mwoka mikate wa Bangor, aliyekuwa meya wa mji wake na Mrepublikan. Alivaa buti akatembea kwa miguu zaidi ya maili 600, tangu Gilead kwenye mpaka wa New Hampshire hadi Fort Kent. Jua likizama alilala kwa watu, akala walichopika. Fikiria mkulima wa viazi anayefungua mlango jioni na kumkuta mgombea ubunge, malengelenge miguuni, anaomba pa kulala. Mtu huyo humwulizi kadi ya chama. Miaka miwili baadaye Cohen alikuwa kwenye kamati ya sheria iliyomjadili Nixon, rais wa chama chake, na akapiga kura ya kumshtaki. Wapiga kura walimrudisha. Baadaye akawa seneta, kisha waziri wa ulinzi chini ya Bill Clinton, rais wa Democrat.

Aliyemfuata, Olympia Snowe, Mrepublikan, aliachwa yatima utotoni na kulelewa na mjomba na shangazi huko Auburn, ng'ambo ya mto tu kutoka kwenu. Alikaa miaka 16. Kisha John Baldacci wa Bangor, Mdemokrati, ambaye familia yake ilikuwa na mgahawa, naye alijulikana kwa karamu za tambi alizopika mwenyewe. Chama kikabadilika na wilaya haikutikisika, kwa sababu kanuni ilibaki ileile: nakujua, umefika kwetu, nenda katusemee.

Halafu akaja Mike Michaud, na hapo historia inageuka. Michaud alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi cha Great Northern, mtoto wa jamii ya Wafaransa, mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Alishinda kiti 2002. Aliapishwa Januari 2003, na mwezi uleule Great Northern ikatangaza kufilisika.

Mwanangu, kwa mtu aliyekuja baada ya hapo ni vigumu kuona uzito wa jambo hilo. Millinocket ulikuwa mji uliojengwa na Great Northern katikati ya msitu, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kijana alimaliza sekondari Ijumaa, Jumatatu yuko kiwandani, na mshahara wake ulinunua nyumba, gari na kibanda cha kando ya ziwa. Harufu ya salfa ilijaa mji mzima, na wazee walisema hiyo ni harufu ya fedha. Nyufa zilionekana mapema: mwaka 1987 wafanyakazi zaidi ya elfu moja waligoma kiwanda cha karatasi cha mji wa Jay, na kampuni ikawaajiri wengine moja kwa moja mahali pao. Mgomo ulikufa baada ya miezi 16, na kuna ndugu wa familia moja ambao hawakusalimiana tena. Kisha vikafungwa kimoja baada ya kingine: Millinocket 2008, East Millinocket na Bucksport 2014, Madison 2016, Jay 2023.

Kiwanda kinapokufa, na chama cha wafanyakazi kinakufa, na pamoja nacho ule ukumbi ambamo watu walikutana na kukumbushana nani ni rafiki yao. Wilaya hiyo ilimpa Obama ushindi 2008 na 2012, mara ya pili kwa karibu asilimia 53. Mwaka 2016 ikampa Trump zaidi ya asilimia 51. Wapo wanaosema ni ubaguzi tu. Mimi sikubaliani nao, ingawa sikatai kwamba ubaguzi upo. Watu hao walishaonyesha dalili mapema: 1992 Ross Perot, tajiri asiye na chama aliyepinga mkataba wa biashara na Mexico, alipata Maine asilimia 30, sehemu yake bora kuliko jimbo jingine lolote. Kilio cha biashara ya nje kuua viwanda kilikuwepo muda mrefu, na Michaud alikibeba bungeni akiwa Mdemokrati. Trump alikuja akakisema kwa sauti kubwa zaidi. Wakati huo Michaud alikuwa ameshaondoka: aliwania ugavana 2014 akashindwa, na kiti chake kikaenda kwa Bruce Poliquin, Mrepublikan.

Hapo tunafika kwenye karatasi utakayopewa. Mwaka 2010 Paul LePage alishinda ugavana wa Maine kwa asilimia 38 hivi, kwa sababu wapinzani waligawana kura zilizobaki. Wengi waliona si haki, na 2016 wananchi wakapitisha kwa kura ya maoni mfumo wa kupanga wagombea kwa ngazi. Karatasi ina majina upande mmoja na safu za vijiduara: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Unaweka wino kijiduara kimoja kwenye kila safu. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho huondolewa, na kura zake huenda kwa chaguo lao linalofuata.

Novemba 2018 mfumo huo uliamua kiti cha bunge la taifa kwa mara ya kwanza nchini, na kiti chenyewe kilikuwa chenu. Poliquin aliongoza raundi ya kwanza kwa kura zaidi ya 2,000, lakini hakufika nusu. Karatasi kutoka miji na vijiji vyote vya wilaya zilikusanywa zikapelekwa Augusta, makao makuu ya jimbo. Walipohesabu machaguo yaliyofuata ya wale waliowapa kura wagombea wawili huru, Jared Golden, Mdemokrati, akawa na 142,440 dhidi ya 138,931. Poliquin alikwenda mahakamani akashindwa. Miaka 102 ya McGillicuddy ikaishia hapo. Uchaguzi wa bunge la taifa na wa rais unatumia mfumo huu, lakini wa gavana mwezi Novemba hautumii, kwa sababu katiba ya Maine inasema mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Usishangae ukipewa karatasi mbili zenye taratibu tofauti.

Golden ni mtoto wa Leeds, mwanajeshi wa zamani wa Iraq na Afghanistan. Alishinda tena 2020, 2022 na 2024 katika wilaya ambayo Trump aliishinda mara zote tatu alizogombea. Bunge lilipomshtaki Trump 2019 kwa mashtaka mawili, Golden aliunga mkono moja, akakataa la pili, na pande zote mbili zikamlaumu. Oktoba 2023 mtu mwenye bunduki aliua watu 18 mjini kwenu. Kesho yake Golden, ambaye alikuwa amepinga marufuku ya bunduki za kivita, alisimama Lewiston akakiri kwamba alikosea na akawaomba radhi wafiwa. Mwaka uliofuata alipenya kwa chini ya asilimia moja. Ile kanuni ya Cohen bado ipo, lakini inapumua kwa shida. Novemba 2025 alitangaza kwamba 2026 hatagombea. LePage, yuleyule wa 2010, anakitaka kiti hicho kwa tiketi ya Republican.

Na ninyi? LePage mwenyewe alizaliwa Lewiston, katika familia maskini ya Kifaransa, na alikua akizungumza Kifaransa. Wajukuu wa wale waliozomewa na Klan sasa ndio wenyeji, na wengine wao wamehamia upande wa pili wa siasa. Wasomali walipoanza kufika 2001, meya wa mji aliandika barua Oktoba 2002 akiwaomba wapunguze kasi ya kuja. Januari iliyofuata kikundi kidogo cha wabaguzi kilikuja kuandamana, na maelfu ya wakazi wakajaa ukumbi wa chuo cha Bates kuwaunga mkono majirani zao. Miaka michache baadaye wakaja Wazigua, watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanzania karne ya 19, wakaitunza lugha yao bonde la Juba kizazi baada ya kizazi, wakaibeba Kakuma, na leo inasikika Lisbon Street hapo mjini kwenu. Walifika katika jimbo lililozaliwa kwa hoja ya utumwa.

Mwaka 2019 Safiya Khalid, msichana wa Kisomali mwenye umri wa miaka 23, alichaguliwa halmashauri ya Lewiston. Mwaka 2022 Mana Abdi akaingia bunge la jimbo kutoka mji huohuo. Wafaransa walihitaji miongo mingi kupata viti kama hivyo. Ninyi mmechukua chini ya miaka ishirini na tano.

Kuhusu kujiandikisha, usihofu ukichelewa. Tangu 1973 Maine inakuruhusu kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura. Bunge la jimbo lilijaribu kuifuta haki hiyo 2011, na wananchi wakairudisha mwaka uleule kwa kura ya maoni. Nenda na kitambulisho na karatasi inayoonyesha unapoishi, hata bili ya umeme. Kama mama hasomi Kiingereza, sheria inamruhusu kuingia na mtu wa kumsaidia, na mtu huyo anaweza kuwa wewe.